Wifi Damari, Kibuyu Kinarudi Leo

Mpendwa wifi yangu Damari,

Basi, mvua ilinikatisha jana. Nilikuwa nimefika pale kwenye habari ya kibuyu, nimekaa zangu pembeni ya kaburi lako kwenye migomba, nakusimulia, mara ikashuka mvua ya kwetu hii isiyopiga hodi. Nikakimbia na kanga kichwani, nikakuacha na nusu ya habari. Na wewe unanijua. Habari ikibaki nusu tumboni mwangu silali, najigeuzageuza mpaka mume wangu, kaka yako Yoasi, ananiuliza kama nimelalia siafu. Kwa hiyo leo nimechana karatasi kwenye daftari la Koku binti yangu, nimekaa jikoni, namalizia. Mwandiko usiucheke. Niliishia darasa la tatu, na hata hilo la tatu mwalimu alikuwa ananituma sana maji.

Na barua hii siifungi. Nikimaliza nawapa wakinamama wa ushirika waisome, maana hapa Nyakatuntu kila mtu anajua nusu, na hiyo nusu nyingine amejaziliza mwenyewe. Afadhali waipate kwangu. Zamani mimi ndiye nilikuwa napeleka habari, wifi. Siku hizi habari ni mimi.

Kibuyu kinarudi leo. Ndiyo hivyo. Shemeji Kagaruki, kaka yako mkubwa, ametuma mtu asubuhi kwamba jioni anakuja na wazee wa ukoo, na kibuyu kilekile cha marehemu baba yenu, kile cha shingo ndefu. Safari hii hakiji kwa ajili yako. Kinakuja kwa ajili yangu.

Nina kauvimbe kwenye ziwa, upande wa kushoto. Nilikagusa siku moja naoga, kadogo kama punje ya kahawa, nikasema katapita. Hakakupita. Kakakaa, kakanenepa, kakawa kama mgeni aliyeletewa godoro. Nikaenda hospitali. Daktari, kabinti kembamba kenye miwani, akanipima, wakachukua kinyama kidogo wakapeleka huko wanakopeleka, majibu yakarudi. Akanishika mkono akaniambia, "Mama, ni saratani, lakini umewahi. Tukikatoa sasa tuna matumaini. Ukienda kukaa nyumbani siwezi kukuahidi kitu." Halafu akasema kabla ya kunipasua ndugu waje watoe damu, damu imepungua kule, wasipokuja watu wa kutosha sipangiwi siku.

Jumatatu natakiwa nikalazwe. Leo ni Jumamosi.

Sasa damu, wifi. Yoasi kaka yako alikwenda wakamkataa, presha iko juu. Koku bado hajafika umri. Wakinamama wa ushirika walikuja kwa moyo wote, Mungu awabariki, lakini unawajua: huyu sukari, huyu presha, yule ukimtoa damu kidogo tu unaitisha mazishi. Wenye damu kwenye ukoo huu ni vijana wa Kagaruki, wale wanaobeba gunia la kahawa kama wamebeba mto wa kulalia. Na Kagaruki amesema nini? Amesimama hapo mlangoni kwangu wiki iliyopita akasema, "Hakuna mtoto wangu atakayetoa damu ikamwagike bure. Kwanza aonje kibuyu cha baba, aseme maneno. Akishasema, vijana wanapanda gari hata sasa hivi. Damari alikataa. Mnamwona alipo."

Akanyoosha kidole. Na si unajua kutoka mlangoni kwangu kaburi lako linaonekana.

Hapo ndipo nimekwama, wifi, na ndipo nataka tuongee. Maana kweli ulikataa. Na kweli ulikufa.

Lakini ngoja nianzie mbali kidogo, ukinikatisha nitapotea.

Mimi nilipoletwa hapa kuolewa kutoka Ihembe, wewe ulikuwa umerudi kwenu kutoka Bweranyange, mjane, huna mtoto, na Biblia imefungwa kwenye kitambaa kama kichanga. Watu wakanionya mapema: "Wifi yako ni mlokole, atakuchosha." Nikasema nitamzoea. Wiki ya kwanza tu nikatoka kisimani na habari ya moto, habari ya mke wa jirani fulani, simtaji sasa maana barua hii itasomwa. Nikakukuta unamenya ndizi. Nikakaa, nikakunja miguu, nikaanza. Sikufika hata pale penyewe. Ukaweka kisu chini, ukapiga magoti palepale kwenye maganda, ukanivuta mkono: "Njoo tumwombee."

"Wifi, sijamaliza!"

"Mmalizie Bwana, na yeye anasikiliza."

Jamani! Nimeona kuku akifa, nimeona mbuzi akifa, umbea ukifa namna ile sijawahi kuona. Ukamwombea yule mama mpaka nikamwonea huruma, na mimi nilikuwa nimekuja kumcheka. Nikakuambia, "Wifi wewe ni kiherehere." Ukaniambia, "Na wewe ni redio, sema tu mafundi walisahau kukuwekea pa kuzimia." Tangu siku hiyo tukapatana. Kila nikija na jambo, magoti. Nikawa nachagua kabisa: hili ni tamu mno, nisimpeleke Damari ataliharibu.

Na ule mkungu wa mavuno, unaukumbuka? Mkungu wa nshakara, ndizi zetu za kupika, uliokuwa umeinamisha mgomba mpaka tukauwekea mti wa kuushika. Ukoo mzima tulikuwa tunaulinda kwa ajili ya wageni wa posa ya binti wa Kagaruki. Jumapili ya mavuno nakuja kuchungulia, mkungu hakuna. Wewe huyo barabarani unaupeleka kanisani kichwani, shingo imeingia ndani kama ya kobe, ukanadiwe kule mnadani baada ya ibada. Nikakukimbilia.

"Wifi, wageni watakula nini?"

"Watakula ule mwingine."

"Ule mdogo?"

"Mbona Mungu mlikuwa mmemtengea huo huo mdogo, na yeye hajanuna?"

Kagaruki alinuna, lakini. Hakukusalimia mpaka posa ikaisha. Na ule mwaka ulipong'oa ndizi zote za pombe kwenye sehemu yako ya kibanja, shamba la ukoo, ukapanda za kupika, akasema umeng'oa babu zake, watatambikiwa na nini. Na yule kibarua wa Kirundi, Siriako, alipoanguka na malaria kali ukamlaza jikoni kwako, unamnywesha uji kwa kijiko, ukoo ukasema shangazi mzima anamuuguza kibarua kama mfalme. Wewe ukasema, "Mfalme nitamuuguza akija." Basi ndivyo ulivyokuwa. Huna nusu. Mimi nilikuwa Mkristo wa kwenda kuona nani kavaa nini. Wewe ulikuwa Mkristo mpaka kwenye ndizi.

Halafu ukaugua. Tumbo likajaa, mwili ukaisha. Hospitali wakatuambia ule ugonjwa umeshatembea, wakatupa dawa za maumivu, wakasema turudi nyumbani tukutunze. Dawa ulikunywa zote, sindano ulikubali zote, nalisema hili kwa sababu kuna watu wanazusha eti ulikataa hospitali kwa ulokole. Waongo. Ulichokataa ni kimoja.

Siku ya kibuyu ilikuwa mchana, jua kali, kahawa imeanikwa uwanjani. Nakukanda miguu. Nasikia mlangoni watu wanakohoa kikohozi cha wazee. Yoasi mume wangu alikuwa amekaa pale pale kwenye kigoda. Alipomwona kaka yenu anaingia na kibuyu, akasimama akasema, "Ngoja nikafunge mbuzi." Mbuzi wenyewe walikuwa wamefungwa! Lakini huyo ndiye Yoasi, unamjua kuliko mimi. Mambo yakiwa magumu anakumbuka mbuzi. Siku najifungua Koku alikwenda kufunga mbuzi. Siku baba yenu anagawa kibanja alikwenda kufunga mbuzi. Sijawahi kuona mbuzi wanaofungwa kama wa nyumba hii.

"Shikamoo kaka," ukasema, na sauti ilikuwa imebaki kidogo.

"Marahaba. Damari, tumekuja na baba." Akainua kibuyu. Rubisi mpya, pombe ya ndizi, nilisikia harufu.

"Baba yuko kule nje kaburini kaka, mimi ndiye nampaliliaga."

"Usiniletee maneno ya kilokole. Onja. Umwage kidogo kizingitini. Useme, 'Wazee nimerudi kwenu, uhai wangu uko mkononi mwenu.' Basi, tunakwenda zetu. Au unataka kufa?"

"Sitaki. Nani anataka kufa na kahawa haijakauka?"

Mzee mmoja akacheka, akajizuia. Halafu ukanyoosha mikono ukakipokea kibuyu. Wifi! Nikasema ameonja huyu, amechoka, nani angemlaumu. Nilikuwa nimeshika mguu wako na nikasahau kuukanda. Ukakiweka mapajani, ukakipapasa shingo kama unapapasa mtoto. Ukasema, "Hiki baba alikuwa anakishika jioni, ananiita nikae karibu. Nampenda baba yangu. Sina ugomvi na kibuyu chake. Lakini waitu, kaka yangu, hayo maneno siwezi kuyasema. Uhai wangu nilishamkabidhi Yesu kule Bweranyange, nikiwa mjane, sina mtu. Alinishika. Leo nimepata maumivu nimwambie nilikuwa natania?"

"Na usipopona?"

"Nisipopona, nakwenda kwake huyohuyo."

Ukamrudishia kibuyu kwa mikono miwili. Kwa heshima zote. Halafu ukaniambia, "Wifi, lete kahawa." Nikaleta kakikapu kako kale ka ukindu, kahawa ya kutafuna uliyoichemsha mwenyewe na majani yake kabla hujaanguka kitandani. Ukampa mzee wa kwanza, akapokea. Wa pili, akapokea. Maana kwetu kahawa ya mwenye nyumba hukatai, ukiikataa umesema huyu si mtu wako tena. Ukamnyooshea Kagaruki. Akaweka mikono nyuma.

"Kahawa ya dada yako, kaka."

"Sili kahawa ya mtu anayejiua."

Akatoka. Ukabaki na mkono hewani na punje mbili kiganjani. Mimi ndiye niliyeukunja huo mkono, nikaushusha. Na hili linalofuata, wifi, sikuwahi kumwambia mtu. Watu wanakusimulia kama jiwe. Hukuwa jiwe. Uligeukia ukutani ukalia kwa ajili ya kaka yako, hukulia kwa ajili ya tumbo.

Kagaruki hakukanyaga tena. Nyumba yake pale chini ya kilima, tunaona moshi wake, tunasikia anavyokohoa, na hakuja. Wewe kila asubuhi nikikuletea uji unaniuliza, "Nani mgonjwa leo?"

"Wewe hapo!"

"Mbali na mimi."

Nami nakutajia: mtoto wa fulani ana homa, mama fulani kateguka mguu. Umbea wangu ukapata kazi ya maana, nikawa nazunguka kijijini kukutafutia wagonjwa. Ukawa unawaombea umelala, mkono mmoja tumboni unakandamiza maumivu. Na kila siku mwishoni unamtaja Kagaruki. Sikukuuliza anaumwa nini.

Mpaka ile siku. Mawingu yamejaa upande wa Rwanda, meusi, kahawa yote iko kwenye majamvi. Ulikuwa hujala siku kadhaa, unapumua kwa juujuu, tumekuzunguka, mimi na Yoasi na Koku na majirani. Mara mlangoni Kagaruki. Kasimama tu, kofia mkononi. Ukafungua macho. Ukamwona. Ukaniambia, "Wifi, mvua inakuja. Kaanueni kahawa."

"Nani aende?"

"Wote."

"Wote wifi? Tukuache?"

"Kagaruki abaki, miguu inamuuma."

Kagaruki miguu haikuwa inamuuma hata kidogo, alikuwa amepanda kilima kile kama kijana. Lakini nani angebisha? Tukatoka. Matone yakaanza. Tunakunja majamvi, tunakokota, Koku anaanguka na ungo, Yoasi mara hii hana nafasi ya mbuzi. Nami Mungu ananiona, miguu yangu ilikuwa uwanjani lakini masikio yamebaki dirishani. Sikusikia kitu, mvua ikanguruma kwenye bati.

Tuliporudi ndani tumelowa, kahawa imepona na wewe umekwenda. Kichwa chako kilikuwa kwenye mkono wa kaka yako. Kakikapu kako juu ya blanketi, wazi. Na Kagaruki, machozi yanamwagika mpaka kwenye ndevu, taya linakwenda polepole, anatafuna. Anatafuna kahawa.

Akasema, "Amelala." Akachukua jembe la nyuma ya mlango akatoka kwenye mvua ileile akaenda kukupimia kaburi mwenyewe, hakungoja vijana.

Mliongea nini? Wifi, nilikuwa nakosa usingizi. Mimi, redio ya Nyakatuntu, jambo kubwa kuliko yote nyumbani kwangu sikulijua. Watu wananiuliza kisimani nabaki nasema, "Ah, mambo yao." Mimi! Wakajua kweli nimefiwa.

Mimi niliokoka baada ya hapo. Kwa kuchelewa, na ulimi haujaokoka wote, unakuja nyuma taratibu. Sikuokoka kwa sababu uliponywa, maana hukuponywa. Niliokoka kwa sababu ya ile "wote". Mtu anakufa, na anakumbuka kuwa kahawa italowa na kaka yake anaona haya mbele za watu. Nikasema huyu hana hofu, hata hajishughulikii mwenyewe. Nami nikaitaka hiyo amani.

Sasa rudi wiki iliyopita, pale mlangoni kwangu. Kagaruki ameshasema neno lake la damu, amenyoosha kidole kaburini, anageuka kuondoka. Nami nikapandwa. Heshima ya shemeji mkubwa yote nikaiweka kando, nikamwambia mgongoni, "Shemeji, mbona kahawa yake uliila?"

Akasimama. Halafu akasema bila kunitazama, "Alinilisha. Kwa mkono wake, kama mtoto. Akaniambia, 'Kagaruki, usiogope, mimi siogopi.' Nimejaribu. Siwezi. Nimemzika baba, nimemzika mama, nimemzika Damari. Wewe nikuzike na kibuyu kinaning'inia nyumbani kwangu, halafu nijiambie nini? Kwamba nilikaa tu?"

Akaenda zake. Sasa unaona alivyoniharibia? Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, wifi. Nimempangia maneno, mengine nimeyasema kabisa kisimani. Kumbe si mkatili. Anaogopa. Anaogopa kama mimi, tofauti yake yeye ana vijana wenye damu na mimi sina.

Na mimi naogopa. Nisikudanganye. Wewe ulisema huogopi. Mimi usiku nashika hapa kushoto nahesabu pumzi. Koku jana alinishikilia mkono analia: "Mama, onja tu. Mdomo tu. Mungu anajua moyo." Wifi, hilo lilinichoma kuliko la Kagaruki. Kuonja tu! Mimi huyu, ambaye nilikunywaga rubisi kwenye harusi mpaka nikausalimia mgomba shikamoo, leo tone moja linanishinda? Lakini si tone. Ni maneno. Nikisema uhai wangu uko mkononi mwa wazee, nimemwambia Yesu atoke kwenye kiti akae mwingine. Nikamwambia Koku, "Mungu anajua moyo mwanangu, na shida ndiyo hiyo. Angekuwa hajui ningeonja asubuhi."

Akacheka na machozi yake. Halafu akaniuliza, "Na ukifa?" Nilimwambia, "Basi utanililia, halafu utaanua kahawa." Akanikumbatia hapa upande wa kulia, ule wa kushoto anauogopa.

Siriako amekuja jana jioni. Yule wako wa malaria. Siku hizi ana mke na kakibanja kadogo ka kukodi. Kavua kofia, kasimama nje, kakataa kuingia na matope. "Mama Koku, hospitali wanachukua damu ya Mrundi?" Nikamwambia damu haiulizwi kwao wapi. Akasema, "Basi Jumatatu tuko pamoja. Uji wa Damari bado umo humu." Akajipiga mkononi, kwenye mshipa. Nikaingia ndani nikalia kama mtoto. Mmoja hatoshi, daktari alishasema. Lakini mmoja yupo, na ni wewe uliyemwacha pale.

Kwa hiyo nimeamua hivi, na nakuambia kabla sijabadilika. Jumatatu nakwenda hospitali, na damu ikitosha au isitoshe nakwenda. Wakinipasua, Bwana asifiwe. Wakinirudisha, nitakwenda tena na tena mpaka wanichoke. Lakini maneno yale siyasemi.

Asubuhi ya leo nilikaa namenya ndizi, namsema Kagaruki kichwani, namsema vizuri kabisa, nimefika patamu. Mara swali lako likanijia lenyewe: nani mgonjwa leo? Nikajisikia nasema kwa sauti, "Kagaruki." Kisu kikaanguka. Nikapiga magoti palepale kwenye maganda, na umbea wote nilioupanga ukaharibika. Hata umekufa unaendelea kuniharibia, wifi!

Halafu nikashusha kakikapu kako kutoka darini. Nimekapangusa. Kahawa nilichemsha juzi, na majani yale yale, nimeikausha vizuri, inanukia mpaka mlangoni. Nitampokea kwa heshima, shikamoo yake nitampa. Kibuyu akinipa nitakipokea kwa mikono miwili na kumrudishia kwa mikono miwili, kama nilivyokuona. Halafu nitamnyooshea kahawa. Akiweka mikono nyuma, sijui. Mkono wangu utabaki hewani, na safari hii hakuna wifi wa kuukunja. Hilo ndilo linanitisha, unajua? Kufa nimeshakuzoea kidogo kwa kukutazama. Kubaki na mkono hewani mbele ya ukoo mzima, peke yangu, hilo...

Nasikia gari. Ni lake, lile linalokohoa likipanda kilima. Nachungulia. Wazee wanashuka. Vijana wamekaa nyuma, hawashuki, wanangoja wasikie. Kibuyu anacho, amekikumbatia kifuani. Amezeeka Kagaruki, wifi, laiti ungemwona. Na Yoasi simwoni kwenye kigoda chake, nilijua tu, atakuwa ame...

Ananiita. Yoasi ananiita, na sauti inatoka sebuleni, haitoki kwa mbuzi.

"Mama Koku! Njoo, wamefika. Nimekuwekea kiti hapa karibu na changu. Mbuzi nimewafunga tangu asubuhi!"

Umesikia wifi? Naenda. Kakikapu ninako mkononi.

Wifi yako,
Mama Koku